Gauni la Triko Tatu

Sisi tuliokulia Butembo, mji wa milimani, wakati ule tunaijua baridi ya asubuhi, ukungu umekaa juu ya migomba na mtoto anakwenda shule akipuliza vidole. Triko, yaani sweta ya sufu, ilikuwa nguo ya kwanza kuvaa na ya mwisho kuvua. Wengine tulilala nayo. Siku hizi vijana wanatetemeka barabarani na suruali zilizopasuka magotini, na eti wamezinunua zikiwa hivyo. Sisi tulichapwa kwa tundu dogo kuliko hilo.

Kwetu Wanande jina linasema mapema wewe ni mtoto wa ngapi. Dada yangu mkubwa ni Masika, anafuata Kavira, kisha mimi Kavugho, na nyuma yangu Katungu. Triko nazo zilishuka nyumbani kwa utaratibu huohuo. Baba alinunua moja kwenye mitumba, Masika akaivaa mpaka mikono ikamwia mifupi, ikaenda kwa Kavira, na ilipofika kwangu viwiko vilikuwa vimekwisha na shingo imelegea. Nikienda kuchota maji, akina mama waliniita Masika kutoka mbali, kwa sababu waliijua triko kabla ya kuiona sura yangu. Nilichukia jambo hilo kuliko baridi yenyewe.

Basi ikaja habari ya arusi ya shangazi yetu kule Beni, mtaa wa Beu. Wakubwa walikuwa na kitenge cha sare; sisi watoto tungevaa tulicho nacho. Nilikuwa nimeanza tu kujifunza kushona kwenye cherehani ya mama, ile ya kuzungusha kwa mkono, na ujuzi wangu wote ulikuwa vifuko vya maharagwe. Nikaamua kujishonea gauni kutoka triko kuukuu tatu, ya kijani, ya kahawia na ya manjano, ili kwa mara ya kwanza nivae kitu ambacho hakuna aliyekivaa kabla yangu. Sikutaka kingine katika arusi ile, hata keki.

Nikachukua mkasi, nikakata. Kumbe triko si kitambaa. Nyuzi zikaanza kufumuka mbio, na mkono mzima wa ile ya manjano ukageuka rundo la uzi mapajani mwangu. Mama alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, karibu yangu, wala hakuinuka.

"Triko hapana kukata mbele ya kushona," alisema. "Pitisha mashini kwanza, mistari mbili, kisha ukate pale katikati. Hapo njo itajishika."

"Na hii yenye imekwisha kufumuka?"

"Uzi yake ukunje. Tutafumia Katungu kofia."

Tangu hapo nilishona kwanza, ndipo nikakata. Kila nikitoka shule nilikaa kwenye cherehani. Nilivuta mno, pindo likajikunja kama jani la kabichi, mama akanifumulisha na kunirudisha mwanzo. Lakini gauni, au robe kama tunavyoita, likasimama: kifua cha kijani, sketi ya kahawia, shingo ndefu, mikono mirefu, na mifuko ya manjano. Nikalipiga pasi ya makaa juu ya kitambaa chenye maji. Nilijiona mtu mzima.

Tuliondoka alfajiri juu ya kamio, lori la mizigo. Dada zangu walitetemeka ndani ya viguo vyao vyepesi, mimi nikiwaangalia kwa huruma. Kisha njia ikazidi kushuka, hewa ikabadilika, na tulipofika Beni jua lilikuwa limeshika kazi. Kila mtu wa Butembo anajua Beni kuna joto, na mimi nilijua. Lakini kwetu nguo nzuri ni nguo nzito, na haikuniingia akilini kwamba uzuri unaweza kutakiwa uwe mwepesi.

Kanisani jasho lilinitiririka mpaka visiginoni, na sufu ikaniwasha mwili mzima. Mwanamke mmoja nyuma yetu akamwambia mwenzake: "Huyu ni mutoto ya Butembo. Amebeba baridi yao mpaka huku." Wakacheka polepole, bila ubaya. Mama akaninong'oneza: "Kavugho, toa hiyo kitu, nikufunge kitenge." Nikatikisa kichwa. Heri nizimie kuliko kulivua.

Na kweli nusura nizimie. Tulipofika uani kwa akina shangazi, macho yalianza kunifanyia giza. Masika akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya jiko. Nilidhani anakwenda kunivua kwa nguvu, nikaanza kulia. Yeye alikuwa ameomba sindano, uzi na mkasi.

"Simama muzuri," alisema. "Robe hatuitoe. Tunatoa tu mikono."

"Shona kwanza, yaya, itafumuka," nilisema; yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Najua. Siku ile nilisikia mama."

Akashona kwa mkono kuzunguka bega langu, mistari miwili, taratibu. Huko mbele ngoma ilianza, vigelegele vikapanda, bibi arusi alikuwa anaingia. Masika alikuwa amechaguliwa acheze mbele yake, na nyumbani alikuwa amelifanyia mazoezi jambo hilo mpaka tukamchoka. Wenzake wakaja kumwita. "Mutangulie," akawajibu, hakuinua macho. Alipomaliza bega la pili ngoma ilikuwa imekwisha. Ndipo akakata mikono, na shingo vilevile. Hewa ikaingia. Hakuna uzi uliofumuka.

Tulipotoka, rafiki mmoja wa shangazi akanigeuza huku na huku, akauliza: "Nani alikushonea robe ya namna hii?" Jibu nilikuwa nimeliandaa tangu Butembo: mimi mwenyewe. Nikafungua kinywa, nikasema, "Mimi na yaya Masika."

Leo nina cherehani ya umeme na kabati limejaa. Binti yangu anachagua nguo kwenye simu, na akipewa ya binamu yake anauliza kwanza ilivaliwa na nani. Simgombezi, namwelewa. Masika aliolewa upande wa Manguredjipa, analima huko, na kwa jinsi njia zilivyo za hatari miaka hii, tunaonana kwa nadra sana. Nguo zangu zote sasa ni zangu peke yangu. Nilichokitaka utotoni nimekipata, na ningekitoa chote, kabati na vilivyomo, nipewe triko moja ambayo dada yangu ameivua sasa hivi, ikiwa bado na joto lake.