Tuni Yangu Ilipopita Mferejini

Siku yangu ya kwanza kazini kama mtunzi, mwalimu mkuu wa kwaya yetu ya Umoja hakuniuliza kama najua solfa, ule muziki unaoandikwa kwa do-re-mi. Aliniuliza kama mferejini, pale bombani kwetu Huruma, huwa na watu Jumamosi. Nikamwambia wanajaa, wanafua.

"Basi hiyo ndiyo ofisi yako," akasema. "Imba tuni yako mara tatu, kisha unyamaze. Mwingine akiiendeleza, niletee. Asipoiendeleza, usinisumbue."

Alinipa miezi mitatu. Nikishindwa, narudi kiwandani kupakia sabuni, na kile kiwanda nilikichukia, sifichi.

Nyinyi vijana mnaotunga kwa simu mtanicheka, lakini kiburi nilikuwa nacho. Nilitunga tuni yenye kona nyingi, inapanda mpaka koo linakauka. Nikaiimba mferejini. Jirani yangu Mama Mutua, mwenye ulimi wake, akaniangalia.

"Mama Nekesa, leo unaumwa wapi?"

Hakuna aliyeishika. Nami, kwa ujinga wangu, nikampelekea mwalimu nikadai imeshikwa. Kwaya ikaifanyia mazoezi Jumapili mbili, na kila wakirudi wameisahau. Mwalimu akaniita kando.

"Nitajie majina ya walioishika."

Sikuwa na hata moja. Niliona aibu, jamani, mpaka leo naiona.

"Umebakisha wiki mbili," akasema.

Jumamosi iliyofuata nilifua kimya, nikisikiliza. Nikagundua wenzangu wanasugua, wanasugua, halafu wanavuta pumzi kabla ya kukamua. Tuni yangu haikuwa imewaachia hata pumzi moja. Nikatunga nyingine ya noti tano tu, na katika kiitikio nikaweka kituo pale wanapopumua, kisha mruko mmoja kwenda juu. Mmoja, basi.

Jumamosi ya mwisho nikaiimba mara tatu, nikanyamaza. Wakasuuza. Wakaanika. Kisha mtu akaruka foleni na mtungi wake, na Mama Mutua akaanza kumgombeza kwa tuni yangu, noti kwa noti, mruko na kila kitu. Wenzake wakamwitikia. Niliacha nguo kwenye beseni nikaenda Umoja kwa miguu, nikicheka peke yangu barabarani.

"Majina," akasema mwalimu.

Nikamtajia wote, pamoja na aliyeruka foleni. Akachukua chaki, akaandika solfa ubaoni. "Sauti ya kwanza, simameni."

Wimbo huo ulitufikisha mbali, na mwalimu alipostaafu kiti chake nikakikalia mimi. Sasa nami nimestaafu.

Juzi nilipita mferejini nikakuta wasichana wanafua wakiimba tuni ileile, kwa maneno ya Sheng yao ya vijana, ambayo nusu yake siyaelewi. Nikajiunga nao. Madoido yangu ya zamani yakaniponyoka, nikapanda juu kidogo.

Mmoja wao, wa umri wa mjukuu wangu, akaacha kusugua. "Shosho, hapo umekosea. Iko hivi." Akaniimbia polepole, mpaka nikaipata.

"Asante, mwalimu," nikamwambia, na nikaiimba kama alivyotaka.