Vidonge Katika Kibuyu cha Mbegu

Siku hizi mbegu zinanunuliwa dukani. Zimepakwa rangi nyekundu na kufungwa kwenye mfuko wenye picha ya hindi nono ambalo halijawahi kuota huku kwetu Kongwa. Mwanamke anachana mfuko, anapanda, na mwaka unaofuata ananunua mwingine. Katika upande wetu wa kijiji imebaki nyumba moja yenye kibuyu cha mbegu, nayo ni ya Sidonia, mjane wa mdogo wangu. Kibuyu hicho kinaning'inia juu ya mafiga ili moshi ufukuze wadudu, na uwele uliomo umechanganywa na majivu. Mkono unaoingia humo ni mmoja tu, wa mwanamke aliyekabidhiwa. Tulifundishwa tangu utoto kwamba mkono mwingine huua mbegu, wala hatukudai ushahidi, kwa sababu mbegu ziliota.

Humo ndimo Editha alimoficha vidonge vyake.

Editha ni mkamwana wa Sidonia, mke wa Noeli. Ni Msandawe wa upande wa Chemba, na kwa sababu lugha ya kwao ina sauti za kugonga ulimi, wanawake wa kwetu, Wagogo, walimcheka kwa hilo kabla hawajapata lingine la kumcheka. Yeye na Noeli walipanga chumba Chang'ombe, mjini Dodoma, ambako Noeli anachomelea mageti. Mimba ilipoonekana walikwenda kliniki pamoja, wakapimwa pamoja, na wote wawili wakaambiwa wana virusi vya UKIMWI. Muuguzi aliwaeleza bila kuwaharakisha. Wakimeza dawa kila siku wataishi, na mtoto ana nafasi kubwa ya kuzaliwa bila virusi. Akizaliwa apewe dawa yake ya maji, anyonye ziwa tu, asionjeshwe maji wala uji mpaka atimize miezi sita.

Walipotoka nje Noeli alisema jambo moja. "Mama asijue."

Katika ukoo wetu mimba ya kwanza hulelewa kwa mama mkwe. Tumbo lilipokuwa kubwa Noeli alimleta mkewe, akalala siku moja, akarudi kwenye mageti yake. Sidonia alimpokea kwa furaha, na wiki hiyohiyo akakishusha kile kibuyu akamkabidhi.

"Kuanzia leo ni chako," alimwambia. "Asikiguse mtu. Hata mimi."

Nilikuwapo. Nilidhani desturi ile itazikwa pamoja na Sidonia, na kwa kweli nilifurahi kumwona binti wa watu akipokea kibuyu kwa mikono miwili, amepiga magoti. Kumbe yeye hakuona heshima. Aliona mahali pa kujificha.

Kopo la vidonge lilikuwa na kelele. Kila alipoligusa lilichakacha, na ukuta wa chumba chake na cha Sidonia ni udongo mwembamba. Akavimimina vidonge kwenye kipande cha kanga, akakifunga fundo, akakizamisha ndani ya uwele. Kopo akalitupa chooni. Kila asubuhi Sidonia akitoka kwenda kufungua mbuzi, Editha alitia mkono kibuyuni, akameza kimoja, akapangusa majivu vidoleni. Kwa muda mambo yalikwenda hivyo.

Halafu ikaja alasiri ya kupepeta mtama. Wanawake walikaa uani kwa Sidonia, na Penina, jirani ambaye mdomo wake unatangulia miguu, akaanza habari za Loisi. Loisi anaishi ng'ambo ya korongo, na alikuwa na mimba ya pili.

"Mwezi huu anajifungua yule," Penina alisema. "Sijui nani atampokea mtoto."

"Atakayekuwa amechoka kuishi," mwingine akajibu, wakacheka.

"Lakini mna uhakika anao huo ugonjwa?" wa tatu akauliza.

"Yule mtoto wake wa kwanza hakuonja uji mpaka akaota meno. Ziwa tu, ziwa tu, kama ndama. Nikajua. Anayemnyima mtoto uji ana lake," Penina akajibu.

Sidonia alikuwa anapepeta, hakuinua macho. "Mimi sikumtukana," alisema. "Kanisani kwenye chai ya akina mama nilimtengea kikombe tu. Nilimtengea tu, basi."

Editha aliniambia baadaye kwamba maneno ya Penina yalimpita kama upepo. Lililomwingia ni lile la mkwewe, kwa sababu lilisemwa kwa upole. Alimwangalia mama yule ambaye jana yake alimkanda miguu kwa maji ya moto, akaona mkono uleule ukitenga kikombe, bila hasira, bila tusi.

Nisidanganye kwamba zamani hatukutenga watu. Wazee wetu walitenga wakoma. Lakini mwanamke mwenye mimba hakuwa mtu wa kutengwa kwa lolote. Hata aliyegombana na kijiji kizima alipelekewa kuni na maji. Hilo ndilo lililokufa, na waliolizika wanajiita watu wa kisasa.

Siku chache baada ya hapo Sidonia alirudi ndani ghafla kuchukua kamba, akamkuta Editha mkono umezama kibuyuni.

"Unatafuta nini humo kila asubuhi? Mbegu hazihesabiwi, mwanangu."

Alisema kwa mzaha. Editha alicheka, na tangu asubuhi hiyo hakutia tena mkono.

Mtu anaweza kumlaumu. Angeweza kwenda zahanati ya kijiji kuomba vingine. Lakini pale zahanati kuna benchi la upande wa dirisha la nyuma ambalo kila mtu anajua linakaliwa na akina nani, na akina Penina hupita njia hiyo kwenda mashineni hata siku ambazo hawana cha kusaga. Kwa hiyo alibaki nyumbani na hofu mbili, ya kujulikana na ya mtoto, zilizokabana koo. Mtoto akicheza tumboni alidhani anadai dawa. Akitulia alidhani amekufa. Alikonda, na Sidonia akamwongezea mlenda na maziwa akidhani anaona haya kula ugenini. Noeli akipiga simu na kuuliza kama anaendelea vizuri, alijibu ndiyo, kwa kuwa mkwewe alikuwa hatua chache tu kutoka alipo.

Mwaka huo mvua iliwahi. Ilinyesha kutwa, ikakatika, na asubuhi iliyofuata kila jembe lilikuwa shambani, maana kwetu ardhi ikilowa haimsubiri mtu. Editha alikuwa amekwenda kuteka maji. Aliporudi, alitua ndoo, akainua macho juu ya mafiga. Kibuyu hakikuwapo.

Hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba jambo hilo ni la kuambiwa. Katika ukoo wetu mwanamke aliyekaribia kujifungua hapandi. Amekwisha kubeba mbegu moja, hagusi nyingine. Mama mkwe humpokea kibuyu siku ya kupanda, kisha hukirudisha baada ya uzazi. Angekuwa Mgogo angelijua hilo tangu utotoni. Yeye alishika neno alilopewa, kwamba hata Sidonia hatakigusa, akaliamini lilivyo.

Alikwenda shambani akikimbia kadiri tumbo lilivyomruhusu. Nilikuwa mpakani nafyeka miiba, nikamwona anapita bila kuniamkia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Wanawake walikuwa wamejipanga mstari, kwa mtindo wetu wa kuberega: wa mbele anachimba kishimo kwa jembe, wa nyuma anatupia mbegu na kufukia kwa unyayo, ardhi haitifuliwi. Sidonia alikuwa akimimina uwele kutoka kibuyuni kwenye kata.

"Mama, nipe nipande mimi," Editha alisema. Pumzi zilikuwa zinamkata.

Penina akaegemea jembe. "Mjamzito apande? Huko kwa Wasandawe mnafanyaje, mnapanda na kuzaa mstari mmoja?"

Wakacheka. Sidonia naye alitabasamu. "Kaa kivulini, mwanangu. Kazi yako ni hiyo uliyobeba." Akakiinamisha kibuyu zaidi.

Lile fundo lilitoka pamoja na mbegu. Lilikuwa limelegea. Vidonge vilimwagika ndani ya kata, vingine vikaanguka ardhini kwenye unyevu, vyeupe, virefu, vimepakwa majivu. Editha alisimama. Aliniambia aliwaza jambo dogo la ajabu, kwamba hajui gari la kwenda Chemba linapita saa ngapi.

"Ni nini hivyo, mama Noeli?" Penina aliuliza, akisogea.

Sidonia alivitazama. Anavijua vidonge hivyo. Nani asiyevijua siku hizi. Akaifunika kata kwa kiganja.

"Dawa yangu ya presha."

"Kwenye mbegu?"

"Wewe yako ya mdomo unaiweka wapi, mbona haikusaidii?"

Wenzao wakaangua kicheko, Penina akanuna. Sidonia akainama, akaokota vilivyoanguka, kimoja kimoja, akavifunga kwenye ncha ya kanga yake, akaendelea kupanda mpaka mstari ukaisha. Hakumtazama Editha hata mara moja.

Editha alirudi nyumbani akafunga nguo zake. Alikaa juu ya kifurushi akingoja kufukuzwa. Sidonia alipoingia, hakuuliza kifurushi ni cha nini.

"Ni vyako au vya Noeli?"

"Tunavimeza wote, mama. Vya kwake anavyo mjini."

Sidonia alikaa chini. "Angelina, mdogo wangu, alikufa nao. Wakati huo dawa hazijafika huku. Nilimwosha kwa mikono hii." Akaitazama mikono yenyewe. "Na mtoto je?"

"Waliniambia nikimeza kila siku anaweza kuzaliwa mzima."

"Kila siku."

"Ndiyo, mama."

"Sasa mbona vimejaa?"

Editha alivuta fundo la kifurushi chake.

"Nakuuliza wewe. Mbona vimejaa kwenye mbegu?"

"Nilikuogopa."

"Unaniogopa mimi, unamwacha mjukuu wangu bila dawa?"

"Ulisema ulimtengea kikombe tu," Editha alisema. "Loisi."

Sidonia hakumkumbatia. Alitoka nje akanawa mikono kwa sabuni, akanawa muda mrefu, na Editha alimwona kupitia mlangoni akaendelea kukaa juu ya kifurushi chake.

Baada ya kunawa alikuja kwangu. Hakuketi.

"Shemeji, wewe unasoma. Kula chungu kimoja kunaambukiza?"

"Hapana."

"Mate je? Kikombe?"

"Hapana. Imeandikwa kila mahali, hata ukutani zahanati."

"Basi Loisi tulimtengea nini?"

Hakusubiri jibu. Alirudi, akasonga ugali wa uwele, akatenga mlenda katika bakuli moja, akamwita Editha. Mkono wake ulifika kwenye bakuli ukasita juu yake, ukarudi magotini, ukaenda tena. Akala. Alitafuna kama mtu anayemeza shubiri, lakini alikula mpaka bakuli likaisha. Hofu haimtoki mtu kwa kusoma maandishi ya ukutani.

Asubuhi yake alimpeleka zahanati, wakakaa pamoja kwenye lile benchi la dirisha la nyuma. Penina alipita. Sidonia alikuwa wa kwanza kumwamkia.

Muuguzi wa pale, Bi Wambura, alimuuliza Editha ameacha dawa tangu lini, na aliposikia hakumgombeza. Alimwanzishia tena papo hapo, akawaandikia kwenda kujifungulia hospitali.

"Mtoto atakuwa salama?" Sidonia aliuliza.

"Mama, nikisema ndiyo nitakudanganya. Pengo hili limeongeza hatari. Tutampa mtoto dawa zaidi ya kawaida, na huyu asiache tena. Halafu tutampima."

Walirudi na jibu hilo, na hofu ambayo zamani ilikuwa ya mtu mmoja sasa ilikuwa ya wawili. Sidonia akaanza kusikiliza tumbo la mkamwana wake kwa sikio, kama mtu anayesikiliza mvua ya mbali.

Alizaliwa mtoto wa kike. Waliporudi kutoka hospitali, wanawake walikuja kumtazama, na Penina, kama desturi ilivyo, alileta uji mwepesi wa uwele wa kumwonjesha mtoto. "Mbukwenyi," alisalimia mlangoni, akaitikiwa, akaingia na bakuli lake.

"Mlete nimkaribishe duniani," alisema.

Editha alimkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka akalia. Alikuwa amekesha usiku mwingi akilitunga jibu la ombi hili, na sasa halikuja hata neno moja.

"Uji hapana," Sidonia alisema. "Huyu ananyonya tu."

"Tangu lini? Noeli nilimwonjesha mimi kwa kidole hiki."

"Huyu ananyonya tu."

Penina alimtazama Editha, akamtazama mtoto, akalishusha bakuli polepole. "Kama wa Loisi?"

Sidonia angeweza kusema ni amri ya wauguzi kwa kina mama wote, na angekuwa mkweli, kwa maana ndivyo wanavyofundisha.

"Kama wa Loisi," alisema. "Kula uji wako ungali moto."

Kabla ya jua kuzama kijiji kizima kilikuwa na habari. Katika kazi ya palizi iliyofuata, wanawake waliokuja kusaidiana shambani kwa Sidonia walikuwa nusu. Mmoja wao alikuwa Loisi, mtoto mgongoni. Walilima bila kuongea sana. Hakuna aliyeomba radhi mbele yangu, na siwezi kuandika nisichokisikia.

Mtoto alipimwa alipofikia umri wa kipimo cha kwanza. Majibu yalichelewa, na katika kipindi hicho kila mtoto alipokohoa Editha alimpima joto kwa kiganja. Yalipokuja, yalisema hana virusi. Sidonia alianza kupiga kigelegele, Bi Wambura akamzuia: kuna kipimo kingine mbele, na kingine mtoto akiacha kunyonya, na kila siku ya kunyonya ni siku ya mama kumeza dawa.

Kwa hiyo bado hawajamaliza kuogopa. Kila asubuhi, Sidonia akiwa zizini, huita kwa sauti ileile anayoitia mbuzi, bila kujali nani anapita njiani kwenda mashineni.

"Editha, umemeza?"

Na kila asubuhi Editha hushtuka, hutazama kwanza barabarani, kisha hujibu.

"Nimemeza, mama."