Plamu Zilizofika Zikiwa Uchi

Juzi, kwenye duka la kompyuta hapa Lushoto, binti wa dukani alituonyesha sisi wanakikundi wa wakulima ukurasa aliotutengenezea wa kuuzia matunda yetu mtandaoni. Kila tunda lilikuwa na rangi na fremu yake. Mama mmoja wa kijiji cha Gare akaongeza plamu zake kwa simu; zikatokea maandishi matupu, hazina rangi wala fremu.

"Mwanangu, mbona zangu ziko uchi? Nani atazinunua?"

"Samahani, mama. Niliyavisha rangi matunda yaliyokuwepo tu. Ngoja niandike amri ya ukurasa mzima, kila linaloingia livae."

Akabonyeza, plamu zikapendeza. Mama akaongeza na pea, zikaingia zimeshavaa. Tukapiga vigelegele.

Nikamkumbuka marehemu mama yangu: kwenye harusi moja ya nyumbani aliweka vitenge vya sare mlangoni, kila ndugu anayeingia avae. "Shangazi wa Mgwashi atafika wimbo umeshaanza," alisema, "naye ni ndugu."