Mama Mifuko na Giga Mia Moja na Kumi

Mke wangu anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na kule hakuna anayemwita kwa jina. Wanamwita Mama Mifuko. Liwe koti la daktari, suruali ya muuguzi au aproni ya mpishi, lazima atie mkono mfukoni kabla nguo haijaingia kwenye mashine. Ameshatoa humo kalamu, vipimajoto, meno ya bandia, na siku moja pete ya ndoa ya daktari wa upasuaji aliyekuwa ameitafuta wiki nzima huku mkewe amemnunia. Wenzake wanakagua wanapokumbuka. Yeye hahitaji kukumbuka, mkono unakwenda wenyewe. Hata mashati yangu ya kazini, ambayo hayana kitu ila nywele za watu maana mimi ni kinyozi, anayapekua. Kuishi na mtu wa namna hiyo kunataka moyo, niulizeni mimi.

Jumapili saa kumi jioni ana shughuli nyingine. Anakaa mbele ya kompyuta ya michezo aliyoachiwa na kaka yake, anashika usukani uliofungwa kwenye meza yetu ya chakula, anaweka mguu kwenye pedali, na anashindana mbio za magari na huyo kaka, ambaye yuko nchi nyingine akifanya kazi ya ufundi wa mitambo ya kuchimba visima. Mke wangu anaendesha gari la kijani, shemeji jekundu. Wanasikilizana kwa vipokea sauti vya masikioni na kutukanana kwa mapenzi kuanzia mwanzo wa barabara hadi mwisho. Mimi nakula kwenye pembe ya meza iliyobaki. Kwa miaka mitatu, hiyo ndiyo Jumapili ya nyumba yetu.

Jumapili ninayoisimulia, shemeji alikuwa na safari kesho yake. Kampuni ilikuwa inampeleka kambini, jangwani huko, kwa miezi minane, mahali ambapo mtandao unatosha ujumbe mfupi wa maandishi na basi. Kwa hiyo ile ndiyo ilikuwa mbio ya mwisho mpaka arudi. Saa moja na nusu asubuhi mke wangu akawasha kompyuta apashe mikono moto, na mchezo ukagoma. Lilikuwa limetoka toleo jipya, na bila kulipakua huruhusiwi kucheza na mwenzako mtandaoni. Toleo hilo lilitaka nafasi ya giga mia moja na kumi. Kwenye diski kuu zilikuwa zimebaki giga nne.

Na tunaposema diski kuu, ndiyo hiyo hiyo moja. Ya pili ilianza kugongagonga ndani mwaka jana, ikafa, tukaambiana tutaweka nyingine, mnayajua mambo hayo.

"Kupakua kwa mtandao wetu ni saa nne nzima," akasema, akiangalia saa ya ukutani. "Saa tano nafasi iwe imepatikana. Kinyozi, maliza chai yako, tunaanza."

Sikumbuki kuombwa. Lakini mimi ni mtu wa vitendo. Alipokwenda jikoni kuongeza maji kwenye birika nikakalia kiti chake, nikazishika zile picha ndogondogo za michezo zilizopangwa kwenye kioo, nikazifuta moja baada ya nyingine hadi kioo kikabaki kitupu. Nikamwita kwa sauti ya mwanamume aliyemaliza kazi. Akaja, akaangalia hesabu ya nafasi. Giga nne vilevile.

"Umeng'oa vibao vya milangoni," akaniambia. "Nyumba zote bado zimesimama."

Nikarudi kwenye chai yangu. Yeye akakunja mikono ya blauzi kama anavyofanya kazini na kuingia kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi, ambako kompyuta inaorodhesha kila kinachokula nafasi. Akaanza na pipa la takataka, kwa sababu ukifuta kitu kinakwenda kukaa mle, hakijatoka ndani ya nyumba mpaka pipa limwagwe. Akapata giga sita. Mchezo wa kuendesha ndege akauondoa kwa njia yake halali, kutoka kwenye orodha ya programu, akapata ishirini na mbili. Mabaki ya mfumo wa zamani, ambayo kompyuta ilikuwa inayatunza kwa uchoyo tu, yakatoa kumi na mbili. Kisha akafika kwenye folda iliyoandikwa "Kazi Muhimu ya Kinyozi".

"Kazi gani hii ya kunyoa yenye giga kumi na sita?"

Nikakohoa. Akaifungua. Ilikuwa mieleka. Miaka minne ya mieleka, nimeipanga kwa tarehe.

"Wateja wanaipenda," nikasema.

"Wateja wako wanaiangalia kupitia ukuta? Kompyuta iko hapa, wao wako kwenye banda lako la kunyolea, barabarani."

Akaifuta yote. Sikulia, ila naomba ieleweke kwamba haikuwa rahisi.

Ilipofika saa nne kasorobo tulikuwa na giga sitini. Zilikosekana hamsini, na kwenye orodha kilibaki kitu kimoja tu chenye ukubwa wa maana ukiacha mchezo wenyewe. Ilikuwa folda ya video, giga hamsini na mbili. Akaifungua. Shemeji, kabla hajaondoka, alikuwa amewasha kitufe cha kurekodi, na kompyuta ikawa inarekodi kila mbio peke yake bila kumwambia mtu. Mwendo wote, na maneno yote waliyosema.

"Ni sisi," akasema polepole. "Jumapili zote. Na sauti yake imo."

Hapo nilimwonea huruma kweli. Miezi minane hatamsikia kaka yake, na amepata hazina ya sauti yake asubuhi ileile ambayo, ili amsikie leo jioni, lazima aitupe. Kuzipandisha mtandaoni kungechukua siku kadhaa. Pa kuweka pengine hapakuwepo, ila flashi yangu ya giga nne ninayopigia muziki kazini.

"Futa tu," nikasema. "Si atarudi? Futa zote, muda unakwenda."

Nilisema haraka mno. Akageuka, akaniangalia.

"Nguo haiingii kwenye mashine kabla sijatia mkono mfukoni."

Nikaweka kikombe chini, kwa sababu nilikijua kilichokuwa mfukoni.

Nieleze. Miaka mitatu iliyopita mama mkwe alifariki, na mke wangu akalala kitandani wiki tano. Hali chakula, hazungumzi, ukimuuliza anageukia ukuta. Shemeji alipokaribia kurudi kazini akaleta kompyuta yake, akafunga usukani mezani, akasema, "Jumapili saa kumi nakupigia, uwe umekaa hapo." Mke wangu alikaa kwa sababu ya kumheshimu tu. Mbio ya kwanza akashinda, akacheka kwa sauti mpaka mimi niliyekuwa bafuni nikatoka na sabuni mwilini. Jioni ile shemeji akanipigia. "Shemeji, nilimwachia. Nitaendelea kumwachia, na wewe funga mdomo." Nikaufunga. Tangu hapo mke wangu ameshinda karibu kila Jumapili, na Jumatatu yake wote kwenye chumba cha kufulia wanajua.

Sasa akafungua video ya kwanza iliyokuja chini ya kidole. Akaangalia kona za mwisho, daraja, kisha barabara iliyonyooka kuelekea kwenye mstari. Akarudisha nyuma. Siku ya mbio macho yake huwa mbele, lakini sasa mikono ilikuwa mitupu, na macho yakapata nafasi ya kwenda juu ya kioo, kwenye kile kioo kidogo kinachoonyesha nyuma. Gari jekundu lilikuwa limemganda. Baada ya daraja, pale ambapo hata anayejifunza anakanyaga mafuta, likaanza kurudi nyuma lenyewe. Halafu ikasikika sauti ya shemeji: "Aah, umeniweza tena!"

Akafungua nyingine. Daraja, na jekundu likarudi nyuma. Akafungua ya mwaka juzi, akafungua ya mwezi uliopita. Alifungua kumi na moja.

"Ulijua?" akaniuliza bila kugeuka.

"Nilijua."

"Miaka mitatu nawatambia watu kazini."

Nikataka kumshika bega, akaliondoa. Alikuwa amekasirika, na hasira yake haina kelele, ndiyo maana inatisha. Nikajaribu kusema kwamba kaka yake hakuwa na nia mbaya, kwamba wakati ule yeye, mke wangu, alikuwa mgonjwa wa huzuni, kwamba sote tuliogopa. Akaniachia nimalize.

"Wakati ule sawa," akasema. "Wakati ule mliniokota. Lakini nimepona siku nyingi, na hakuna aliyeniambia. Saa ngapi sasa?"

"Saa tano kasoro kumi."

Akaomba flashi. Akauondoa muziki wangu, hapo bila kuomba, akaitafuta video ya kwanza kabisa na kuinakili. Kabla ya kuichomoa akaisikiliza mwishoni, pale anapocheka. Alitokwa na machozi, akayafuta kwa mkono wa blauzi. Kisha akachagua zote zilizokuwa kwenye folda.

"Usije ukajuta," nikasema.

"Nitajuta nisipocheza naye leo."

Akafuta. Akalimwaga pipa. Hesabu ikasoma giga mia moja na kumi na mbili, na saa tano na dakika mbili toleo jipya likaanza kuingia. Simu yangu ikaondolewa kwenye mtandao wa nyumbani ili isimnyonye kasi, na nilipouliza kuhusu mpira nikaoneshwa redio. Kwa saa nne alikaa palepale akilinda ule mstari unaojaa, kama vile angetoka kidogo tu ungerudi nyuma. Chakula cha mchana nilimpelekea mkononi. Saa tisa na robo mchezo ukafunguka.

Saa kumi kamili shemeji akapiga. Leo mke wangu hakuvaa vya masikioni, aliacha sauti itoke wazi. Nadhani alitaka na mimi nisikie.

"Mdogo wangu! Uko tayari kunipiga kwa mara ya mwisho?"

"Kaka," akasema, "leo ukipita daraja, mguu wako ukae kwenye mafuta."

 Nikaisikia feni ya chumba chake upande wa pili.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nimekagua mifuko."

Shemeji akavuta pumzi. Akaanza kuomba radhi, mke wangu akamkatiza. "Sitaki pole, nataka mbio. Ukinihurumia leo, ukirudi usinipigie."

"Haya," akasema shemeji. "Jishike basi."

Jamani, mke wangu alipigwa. Mbio ya kwanza jekundu lilimwacha hata vumbi lake hatukuliona. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu akagonga ukuta kwenye kona akatukana tusi ambalo sikujua kwamba analijua. Kila mara aliinyoosha mikono, akasema neno moja tu: "Tena." Ya nne alimwona shemeji mbele yake hadi mwisho. Ya tano wakafika darajani wamebanana ubavu kwa ubavu, wote wawili kimya, na mimi nimesimama nyuma ya kiti na uma mkononi. Hakuna aliyegusa breki. Jekundu likapita mstarini likiwa mbele kwa urefu wa boneti.

 Shemeji ndiye aliyeanza kuongea.

"Pale darajani niliogopa. Nilijua unanipita."

"Kweli?"

"Haki ya mama yetu. Ya leo sikukuachia kitu."

Mke wangu akaachia usukani, akajifunika uso kwa mikono yote miwili, akacheka. Kilikuwa kile kicheko cha siku ya sabuni.

Kesho yake Mama Mifuko alikwenda kazini na kuwaambia wote kwamba amefungwa mara tano. Siku hizi akitoka zamu anafanya mazoezi peke yake, kona ya tatu na daraja, kona ya tatu na daraja, na chakula changu kinazidi kusogea pembeni. Ile mbio ya tano ilijirekodi, na zile nne za kwanza amezifuta, hivyo ipo kwenye diski kuu peke yake. Mimi nimekatazwa kuisogelea.