Uzio Mbele ya Kliniki ya Figo

Uzio ulianza kujengwa siku ya Jumatatu, mkabala na mlango wa kliniki yetu katikati ya mji wa Saint Paul, Marekani. Nilishuka kwenye treni ya mjini asubuhi nikakuta malori yamepanga foleni, na wanaume waliovaa vizibao vya rangi ya machungwa wanashusha vipande vya chuma virefu kunizidi. Mwenye duka la maua, jirani yetu, alisimama mlangoni akiwatazama. Kufika jioni na yeye alikuwa ameshaziba madirisha yake kwa mbao.

Wakuu wa nchi walikuwa wanakuja kukutana kwenye ukumbi mkubwa, jirani kabisa na sisi. Kiangazi chote redio ilitusimulia maandalizi: helmeti mpya za polisi, kamera juu ya nguzo, farasi, askari kutoka majimbo mengine waliojaza hoteli zote za mjini. Diwani mmoja alisema hiyo si gharama, ni uwekezaji. Kazi yetu ilikuwa kusafisha damu za watu ambao figo zao zimeshindwa kazi, na watu hao hawawezi kuambiwa wasubiri wageni waondoke. Wakikosa siku yao, maji huwajaa mwilini mpaka kifuani.

Mmoja wao alikuwa mwalimu mstaafu, Mkenya, aliyekuwa akiishi na binti yake kule Coon Rapids, nje ya mji. Zamani alikuwa akiletwa na basi dogo la wagonjwa, ila lilifutwa. Tuliambiwa bajeti imebana. Tangu hapo binti yake, ambaye ni muuguzi kama mimi, alikuwa akimleta kwa gari kabla ya kwenda zamu.

"Shikamoo, Mzee," nilimwamkia wiki ile.

"Marahaba. Wewe na shikamoo zako za Tanzania." Aliketi, akanyoosha mkono wake wa sindano, akatazama nje. "Sasa hii wanajenga ni ukuta ama ni jela?"

"Ni wa mkutano, Mzee. Watauondoa."

"Si walisema pesa hakuna?"

Nilikuwa natafuta mshipa.

Siku mbili kabla ya wageni kufika, alikuja ofisa wa polisi, mtu mpole, kofia mkononi. Alimwambia meneja wetu kwamba ingekuwa vizuri tusifungue siku ya maandamano ya kuupinga mkutano. Meneja akamweleza mashine ni za nini. Yule ofisa alitazama viti, akatazama mirija iliyojaa damu, akafikiri.

"Basi fungeni mapazia," alisema, akaenda zake.

Sentensi hiyo ilinikosesha raha kuliko uzio wenyewe. Nilirudi nyumbani Golden Valley nikamwambia mume wangu, naye akasema niombe ruhusa. Lakini ningeombaje ruhusa, wakati wauguzi wawili walikuwa wameshaomba?

Siku ya maandamano, njia za juu zinazounganisha majengo zilikuwa zimefungwa kwa minyororo. Barabarani hakukuwa na gari. Helikopta ilikuwa imesimama angani, haiendi popote. Mzee alifika amechoka. Binti yake alizuiwa kwenye kizuizi cha polisi, hivyo alitembea peke yake na fimbo.

"Wamenipekua mpaka ndani ya kofia," alisema. "Mimi ni wa kubeba bomu?"

Tulimuunganisha kwenye mashine. Saa sita mchana tulisikia ngoma, halafu nyimbo. Nilichungulia kwenye pazia. Zilikuwa familia, watoto mabegani, wazee na mabango ya kudai shule na nyumba. Nilipumua kidogo. Kisha kikundi cha watu waliojifunika nyuso kilitokea uchochoroni na vioo vya benki vikaanza kumwagika. Pipa la taka liliwaka moto. Wale wenye watoto waligeuka kukimbia wakakuta mstari wa ngao nyuma yao. Baadaye kila mtu alisimulia nani aliyeanza, na kila mmoja alianzia mahali pake. Mimi niliona tu watu wamebanwa pande zote mbili, na mlipuko wa kwanza ukatokea katikati yao.

Harufu ilituingia kabla sijafunga pazia. Mzee ndiye aliyeitambua.

"Hivyo ni vitoa machozi! Zimeni hicho kinachovuta hewa, haraka!"

Meneja alikimbilia swichi. Wagonjwa walianza kukohoa, na mgonjwa anayekohoa akiwa na sindano mbili mkononi yuko hatarini, kwani zinaweza kuchomoka. Tungeweza kubana mirija na kuwachomoa pale pale, lakini damu iliyomo kwenye mashine ingepotea, na Mzee hakuwa na damu ya kupoteza. Tuliamua kuwarudishia damu yao, mmoja baada ya mwingine, machozi yakituchuruzika hadi kwenye barakoa. Kitu kizito kilipiga kioo cha mbele, kikapasuka bila kuanguka. Tuliendelea na kazi, mashine zikizunguka.

Tulitokea mlango wa nyuma. Mtaa ule nao ulikuwa na uzio, na ng'ambo yake alikuwa amesimama binti yake Mzee, kavaa sare za kazi. Askari mlinzi alikuwa kijana wa jimbo lingine.

"Baba yangu ni mgonjwa," binti alikuwa akimwambia. "Fungua."

"Sina amri ya kufungua."

"Nani ana amri?"

Hakujua. Alizungumza na redio yake, redio haikumjibu. Mzee alianza kuyumba. Shinikizo lake la damu lilikuwa limeshuka. Nilimkalisha chini, mgongo kwenye chuma, nikamwinua miguu. Binti alipiga magoti upande wake, akapitisha vidole kwenye matundu ya wavu na kushika sikio la baba yake, kwa sababu hapo ndipo alipoweza kufika.

"Baba, usilale. Ongea na mimi."

"Niko," alisema Mzee. "Niko, mama."

Yule askari aliwatazama, halafu akatazama pembeni. Mwishowe alikuja mkubwa wake akiwa na ufunguo, wala hakuuliza swali. Tulimbeba Mzee hadi kwenye gari. Alilazwa hospitalini, akapona.

Wakuu wa nchi walipiga picha ya pamoja, wakataja mji watakaokutana tena. Mzee hakurudi kwetu. Alihamishiwa kliniki ya karibu na nyumbani, ambako husubiri zamu yake muda mrefu kwa kuwa mashine zenyewe hazitoshi. Huwa nampigia simu Jumapili, baada ya ibada. Wiki iliyopita aliniuliza kama huko mjini kumetulia.

"Kumetulia, Mzee."

Nilimsikia akiegesha fimbo yake.

"Hata siku ile asubuhi kulikuwa kumetulia," alisema.