Krismasi ya Mwezi wa Kumi

Mimi ni mtu wa orodha. Muuguzi aliyezoea kuandika kila dawa inayotoka na kila mtoto anayezaliwa hawezi kwenda hata sokoni bila karatasi. Kwa hiyo barua ilipofika, kwamba nimekubaliwa kwenda Malawi miezi sita kujitolea na wakunga wa kambi ya watu waliohamishwa na mafuriko, sikupiga vigelegele. Nilichana ukurasa kwenye daftari la kifungua mimba wangu, nikaandika juu yake: mambo ya kumaliza kabla sijaondoka.

Watu wa Tarasaa, tunakoishi, waliniuliza nimepoteza nini huko Malawi. Nilikuwa na jibu moja. Kitinda mimba wangu nilimzalia chini ya turubai, kando ya barabara ya Garsen, wakati mto Tana ulipoingia Hewani, kijiji chetu, hadi ndani ya jiko la mamangu. Aliyempokea alikuwa mkunga mgeni, mwanamke aliyeacha wanawe wawili kwao akaja kuishi na sisi na mbu wetu. Nilijiambia kwamba zamu yangu ikifika na mimi nitakwenda. Laiti ningemuuliza wanawe walibaki na nani, na walimpokeaje aliporudi.

Nilitakiwa kuondoka mwezi wa kumi na moja na kurudi mwezi wa tano. Nikaona ndani ya miezi hiyo kuna siku ya kuzaliwa ya yule mdogo, kuna Krismasi, kuna Mwaka Mpya. Sikutaka wanangu wasimuliwe kwamba walisherehekea bila mama. Nikaamua tutasherehekea zote mapema.

"Na Pasaka je?" mume wangu aliniuliza. Yeye ni fundi wa pikipiki Garsen, na mzaha kwake ni kama chumvi. "Tuifanye kabisa tumalize kalenda, tukae bure hadi mwaka kesho."

Siku ya kuzaliwa tuliifanya mwezi wa nane. Keki ilitoka Garsen kwa pikipiki, ikafika imelalia upande mmoja kama mlevi. Mtoto aliizima mishumaa mitano, akanitazama.

"Sasa mimi nina miaka mitano?"

"Bado, mwanangu. Una minne."

"Sasa mbona tunakula keki?"

Wote tulicheka. Mimi nilikata keki, nikaweka alama kwenye orodha yangu.

Jambo gumu kwenye ile karatasi lilikuwa yeye mwenyewe. Wale wakubwa wawili wangebaki na baba yao, wanajua kupika chai na kupiga pasi. Huyu alikuwa mtoto wa kunigandama. Halali bila kushika ndewe ya sikio langu, na nikienda chooni ananisubiri mlangoni. Nikapanga abaki Hewani kwa mamangu, ua mmoja na mdogo wangu wa kike. Mdogo wangu alizaa mara moja tu, na mtoto hakumaliza wiki. Tangu hapo Mungu hakumjalia mwingine, na watoto wangu aliwapenda kwa adabu, kama mtu anayeshika kitu cha kuazima.

Kwetu mtoto anayeachishwa ziwa hupelekwa kwa nyanya yake. Mama haendi kumwona, hapiti hata njia ile, wala sauti yake haitakiwi kusikika, maana mtoto akimwona mara moja tu kazi yote inaanza upya. Mimi niliachishwa hivyo, na wanangu wakubwa niliwaachisha hivyo. Ni siku kumi, wiki mbili zikizidi. Mtoto anarudi nyumbani anakula wali na samaki, na amekwisha kumsamehe mamake. Ni dawa nzuri. Ila mimi, muuguzi mzima, nilichukua dawa ya siku kumi nikampa mtoto miezi miwili.

Mamangu alinionya. "Mpeleke sawa, azoee kabla ya safari," alisema. "Lakini miezi miwili bila kukuona? Hayo si yetu, mwanangu, hayo umeyatunga weye. Mtoto ataacha ziwa, na weye je?"

Nilimwambia mambo ya siku hizi yana mpango. Ndivyo nilivyosema, Mungu anisamehe, kwa mama aliyelea watoto saba.

Nikampeleka mwanzo wa mwezi wa tisa, na begi lake la chekechea na shuka lake. Wiki ya kwanza mdogo wangu alinipigia simu kila jioni.

"Dada, analia. Anakutaja. Nimpe simu akusikie kidogo tu?"

"Usimpe. Utaharibu."

"Kidogo tu, dada."

"Nimesema usimpe."

Siku ya tisa simu haikulia. Nikapiga mimi. Mdogo wangu akasema kwa sauti ya chini kwamba leo hakuniulizia kabisa, amekula vizuri na ameoga. Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi, nikachukua kalamu nikatia alama.

Katikati ya miezi ile nilimpelekea mama dawa yake ya presha. Nilishuka kwenye pikipiki mbali na nyumba nikaenda kwa miguu, nikasimama nyuma ya migomba kama mwizi wa mikungu. Nilimwona. Alikuwa anapepeta mchele na mdogo wangu, yaani anaumwaga kuliko anavyoupepeta, na wote wawili wanacheka. Miguu yangu ilitaka kwenda. Nilishika mgomba. Kisha nikamwita mtoto wa jirani apeleke ile dawa, nikarudi Tarasaa nikijisifu kwamba nina moyo mgumu. Kumbe sikuwa na moyo mgumu, nilikuwa na kiburi tu.

Krismasi tuliifanya Hewani Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi. Mume wangu alinunua mbuzi kwenye soko la mifugo Garsen, na Muorma aliyemuuzia alitaka kujua ni harusi au matanga. Alipoambiwa ni Krismasi alihesabu vidole vyake, akacheka, akatuombea heri. Wanawake wa ukoo walipika wali wa nazi na kambare wa kukaanga. Nilikuwa nimeshona gauni jekundu, langu na la mwanangu, kitambaa kimoja. Nilikuwa nimesubiri siku hiyo kuliko siku ya safari yenyewe. Nilijua atakimbia. Nilijua atanirukia aniangushe, na nilikuwa nimefunga leso imara kiunoni kwa ajili hiyo.

Nilipoingia uani aliniona. Aliacha mchezo, akaenda ndani. Akatoka amebeba kigoda, akakiweka mbele yangu. Akarudi tena, akaleta kikombe cha maji, amekishika kwa mikono miwili asimwage.

"Shikamoo," akasema. "Karibu ukae."

Mdogo wangu alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi. "Weye! Huyu si mamako? Mkumbatie!"

Akanikumbatia, kwa sababu ameambiwa. Akahesabu kidogo moyoni mwake, akaniachia. Ua mzima ukapiga makofi. Shangazi mmoja akasema, "Ona alivyozoea! Sasa waweza kusafiri na roho nyeupe." Moyo wangu ulivunjika palepale, mbele ya sufuria za wali, na mimi nikacheka pamoja nao. Nikanywa yale maji yote.

Mama peke yake hakupiga makofi. Alinitazama akaendelea kuchambua miiba ya samaki.

Ningeweza kuahirisha. Naandika hili kwa sababu kila mtu ananiambia nisijilaumu, na nimechoka kuambiwa hivyo. Ilikuwa imebaki wiki moja na nusu. Ningepiga simu moja tu. Lakini sherehe zilikuwa zimekwisha kusherehekewa, keki imeliwa, mbuzi amechinjwa, kanisa limeniombea mara mbili. Mtu aliyekwisha kuagwa na watu wote anaona haya kubaki. Niliona haya. Nikaenda.

Garsen stendi, basi la Malindi likiwa linanguruma, wakubwa walilia hadi mume wangu naye akageuka upande. Kitinda mimba alikuwa amebebwa na mdogo wangu kiunoni. Hakulia. Alinipungia mkono, na alipochoka mkono mmoja akabadilisha mwingine.

Malawi nilifanya kazi, na niliifanya vizuri. Watoto wengi walipita mikononi mwangu na mama zao waliniita dada. Nilikuwa nikipiga simu kila Jumapili. Aliniambia habari za chekechea na za kuku, na mwishoni alinishukuru kwa kupiga.

Niliporudi nilimchukua kumleta Tarasaa mara mbili. Mara zote mbili alikaa pembeni ya kitanda amepakata begi lake, hakudeka, hakusumbua, alikula alichopewa. Siku ya pili jioni aliuliza, kwa upole kabisa, pikipiki ya kurudi itakuja saa ngapi. Mimi ananiita mama wa Tarasaa. Mdogo wangu aliniambia huku analia, "Dada, mchukue. Ni wako, sikukuibia." Sikuweza kumkasirikia. Waliosema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, hawakusema ufanye nini na mtu aliyelea kwa sababu wewe ulimwomba. Nikimchukua kwa nguvu nitavunja wawili ili niunganishe mmoja, na huyo mmoja ni mimi.

Basi nakwenda Hewani kila Jumamosi. Wiki iliyopita tulikuwa shambani, mpunga umeanza kutoa mashuke, tunafukuza ndege kwa makopo. Yeye ndiye aliyenifundisha jinsi ya kugonga kopo bila kuumiza kidole. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikamuuliza kama angependa shule ikifungwa aje akae na mimi, siku nyingi kidogo, na akitaka hata moja kwa moja.

Alifikiri. Nilimwona akifikiri, anaangalia ndege.

"Nitamuuliza mama," akasema.

"Sawa," nikamwambia. "Kamuulize."

Akaweka kopo lake chini, akashika njia ya tuta mbio kuelekea upande wa pili wa shamba, ambako mdogo wangu alikuwa ameinama. Mpunga ulimficha, nikabaki nasikia sauti tu. "Mama! Mama!" aliita, na kabla sijajizuia, nikaitika.