Wamefuta jina la Ngalula

Nimekasirika sana, ndiyo maana maandishi ya karatasi hii ninayobandika ukutani yamepinda.

Leo, hapa Panda, ilikuwa siku ya kwanza ya sikukuu ya waandishi wachanga. Nilifika na rafiki yangu Ngalula.

Mlangoni, mkubwa wa sikukuu alitazama liste, orodha ya wasomaji. Jina la Ngalula lilikuwa limefutwa.

"Minye nilijiandikisha wa kwanza," Ngalula akasema.

"Najua, mama. Lakini Bakasai kama weye, bageni, batu ya hapa mugini habatabataka."

Amezaliwa hapa! Baba yake amezeeka akifanya kazi ndani ya usine yetu, kiwanda cha hapa!

Kisha (sikilizeni hii!) yule mkubwa akanigeukia mimi, kwa sauti ya chini. "Hadithi yake tuliisoma, iko muzuri sana. Usome weye, tutasema ni yako."

Nilichukua daftari ya Ngalula yenye hadithi ile. Ndiyo, niliichukua. Nikaenda mbele ya watu wote, nikasema, "Hii ni kazi ya Ngalula, naye amezuiwa mlangoni."

Yule mkubwa akaninyang'anya daftari kabla sijasoma hata mstari mmoja. Akaita msomaji mwingine.

Na ninyi marafiki zangu mliokuwa safu ya pili, mlimpigia huyo mwingine makofi!

Nje nilimwambia Ngalula anisomee mimi peke yangu, kwa kichwa, bila daftari. Akakataa.

"Nilijiandikisha kusoma mule ndani."

Kesho, misa ikiisha, tunarudi pale mlangoni kudai Ngalula asome mule ndani. Mtakaokuja nasi, andikeni majina hapa chini. Kalamu nimeiacha dirishani.